Lenzi ya Harusi ya Badria

Ukitaka habari za Salhiya wa Amani usiwaulize wanaume. Hawatakuambia kitu, na si kwa ubaya wao; hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akifanya kazi. Waulize mama zao na dada zao. Hao watakuambia kwamba fulani alipotolewa nje mbele ya wageni siku ya harusi yake, aliyepiga magoti mbele yake na kamera ni Salhiya, na fulani alipotiwa hina ni Salhiya, na mtoto wa fulani alipotimiza arubaini ni huyo huyo. Yeye ni mpiga picha wa upande wa wanawake, upande ambao mwanamme hakanyagi, ambako kina mama huvua mabuibui yao wakaonekana walivyo.

Kazi hii haifanywi kwa simu. Wanaodhani kwamba simu zimeua kamera waje Unguja wasimame mlango wa ukumbi siku ya harusi. Simu zote hukusanywa kapuni, hata ya shangazi wa bwana harusi anayejiona ndiye mwenye shughuli. Picha ya simu ukishaipiga huwezi tena kusema iko wapi. Kamera ina kadi, na kadi inashikika. Ndiyo maana Salhiya alikuwa akipita na kamera begani bila kuulizwa, na shughuli ikimalizika huichomoa kadi mbele ya mama wa bibi harusi, akamwekea kiganjani na kumwambia, "Nshakukabidhi." Baadaye huenda kuzisafisha picha na kuzichagua huko huko kwa wenyewe, kwenye kompyuta yake, mama mtu akiwa amekaa pembeni. Kadi hailali kwake. Kwa ajili ya jambo hilo moja alikula na kunywa tangu siku alipoachwa na mumewe, yeye na mama yake Bi Mwanapili, katika vyumba vyao viwili vya kupanga.

Kamera yenyewe ni ile kubwa, ya kubadilisha lenzi, aliyoinunua mkononi kwa mwalimu wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na lenzi moja ya kuvuta, ambayo ukizungusha pete yake kitu cha mbali kinasogea karibu, na kwa lenzi hiyo moja alipiga harusi zote. Wapiga picha wenye majivuno hutembea na lenzi tatu nne, wakibadilisha huku na huku. Salhiya hawezi. Katika chumba cha bibi harusi kuna moshi wa udi, kuna marashi yanayorushwa, kuna poda inayoruka, na ukiifungua kamera humo ndani umeitia uchafu moyoni. Tena anaanza kazi kwenye chumba kidogo chenye wanawake wamebanana, anamalizia ukumbini ambako bibi harusi anatokea mlango wa mbali. Anahitaji lenzi moja ya kufanya yote hayo, na lenzi ya namna hiyo ikifa, kazi nzima imelala.

Basi ilikufa, na iliuliwa kwa usafi. Kamera ilikuwa ikikaa kabatini pamoja na nguo, imezongwa kanga, na kila Alhamisi Bi Mwanapili huweka chetezo chini ya kabati akafukiza. Salhiya mwenyewe ndiye aliyetaka na mkoba wa kamera ufukizwe, maana mtu haingii kwa bibi harusi na mkoba unaonuka vumbi. Watengenezaji wa kamera wameandika usiiloweshe, usiiangushe, usiiache juani. Hakuna aliyeandika usiifukize udi, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba duniani kuna watu watakaofanya hivyo. Wapo, na ni sisi.

Jambo lilijitokeza Jumatano, alasiri, kwenye singo ya Badria, siku bibi harusi anaposuguliwa mwili ang'are. Badria ni mtoto wa Bi Mwatum wa Kiembe Samaki, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Alikaa juu ya mkeka, kanga moja kifuani, mabega wazi, uso na shingo vimepakwa liwa ya msandali na manjano, somo yake, yule mwanamke anayemfunda, akimsugua mikono huku akimtania maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama mtu alikuwa nyuma yake, kichwa wazi, mikono ya gauni imekunjwa juu, anacheka. Salhiya alipiga na kupiga. Alipotazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera aliona weupe umeuzunguka uso wa Badria. Akasema ni moshi wa chumbani, akaomba dirisha lifunguliwe. Likafunguliwa, na weupe ukabaki pale pale.

Shughuli ilipokwisha, Bi Mwatum aliitwa uani na wapishi kuhusu habari za mchele, na mkono wake haukunyooshwa kuidai kadi. Salhiya naye hakumkumbusha. Alitaka kwanza akazitazame peke yake, azisafishe zinazosafishika, aibu yake isionekane. Alijifunga buibui akaondoka, na kadi imo ndani ya kamera. Hakuwa amefanya hivyo hata siku moja.

Nyumbani alizifungua picha kwenye kompyuta. Badria alionekana kama mtu aliyekaa nyuma ya chandarua. Rangi zimekufa, macho hayana uhai, na picha zilizopigwa kuelekea dirishani hazifai hata kuonyeshwa. Akairudisha kadi ndani ya kamera, akaichomoa lenzi, akaimulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye vioo vya katikati, pasipofika kitambaa wala kidole, kulikuwa na utando wa manjano kama wa mafuta juu ya mchuzi uliopoa.

"Mama, njoo unuse," alisema.

Bi Mwanapili akainusa lenzi. "Inanukia," alisema kwa kuridhika. "Udi wa Salalah huo, si ule wa madukani."

"Ndio ulioiua."

Bi Mwanapili alimtazama mwanawe, akaitazama lenzi, akakaa juu ya kitanda. "Mie nnafukiza nguo," alisema taratibu. "Siku zote nnafukiza nguo. Wewe ndiye ulonambia na mkoba."

"Najua, mama. Sikulaumu."

Na kweli hakumlaumu, lakini usiku ule hakula. Alimpigia simu fundi anayejua kufungua lenzi, na fundi yuko Dar, na alisema ailete, ataiangalia, labda mwisho wa mwezi. Jumamosi haisubiri mwisho wa mwezi. Tangu Ramadhani ipite hakuna aliyekuwa amemwita Salhiya. Wamezuka wasichana wenye kamera mpya na mataa makubwa, na watu wanapenda kipya. Bi Mwatum peke yake ndiye aliyesema hamtaki mwengine, na Bi Mwatum si mtu mdogo. Ana ndugu Kiembe Samaki, ana ndugu mpaka Mkokotoni, na akiisifu kazi yako mjini, shamba wanaisikia. Nyuma ya harusi ya Badria zilikuwapo nyengine tatu zilizokuwa zikisubiri tu kuona picha zake. Zikitoka nzuri, Salhiya ana kazi mwaka mzima. Zikitoka na ukungu, basi, na yeye hajui kazi nyengine. Alilia, akaosha uso, akaenda kumbembeleza mwanamke wanayecheza naye upatu wabadilishane zamu ya kupokea pesa. Akakubaliwa, na asubuhi ya Alhamisi alikuwa Darajani.

Duka la Mudrik huuza simu, redio, chaja, na nyuma kabisa, katika kabati la vioo, vitu vya kamera vilivyokwishatumika. Mudrik ni kijana mpole, mwenye mazoea ya kusema "dada" kwa kila mwanamke hata awe rika la bibi yake. Siku hiyo dukani alikuwapo na mwanamme mmoja wa makamo, amekaa juu ya kigoda akisubiri chaja yake ipimwe. Mudrik alikuwa akimuuliza, "Wakil, vipi huko Kiembe Samaki, maji yanatoka?" Wakil akajibu kwamba yanatoka yakitaka. Salhiya aliyasikia hayo kwa sikio moja tu. Macho yake yalikuwa kabatini.

"Nataka lenzi ya kuvuta," alisema. "Moja ya kufanya kila kitu, na nimudu kuinunua."

"Kila mtu anataka hiyo, dada," Mudrik alisema, akatandika kitambaa juu ya meza na kuanza kuzipanga.

Lenzi huandikwa namba ubavuni. Namba ndogo ni ya karibu, inayochukua chumba chote. Namba kubwa ni ya mbali. Ya kwanza aliyoonyeshwa ni ile fupi inayokuja na kila kamera, kumi na nane mpaka hamsini na tano. Nyepesi, bei rahisi, hata mtoto ataibeba. Salhiya aliirudisha. Kwa lenzi hiyo bibi harusi akitokea mlangoni angekuwa mdogo kama kichwa cha kiberiti, na kumsogelea huwezi, kwa sababu ukisimama katikati ya ukumbi umewazuia wazee wasione, na wazee wa Kizanzibari hawasamehe jambo hilo.

Ya pili ilianzia sabini ikafika mia tatu. Aliitia kwenye kamera, akatazama, akaona tundu la sikio la Mudrik.

"Hii ya ndege," Mudrik alisema. "Watalii wanaipenda, wanapigia kima punju kule Jozani."

"Chumbani kwa bibi harusi n'tapata pua tu."

Ya tatu ilikuwa na yote, kumi na nane mpaka mia tatu, na kwa dakika chache Salhiya alipumbazika nayo. Akaivuta mpaka mwisho, akalenga kalenda iliyokuwa ukutani upande wa pili. Picha ilitetemeka, na ilikuwa ya giza. Aliijua sababu: lenzi ndefu za bei ya chini zikivutwa hubana tundu la kupitishia mwanga, na taa za kumbi zetu, hizo za buluu na waridi wanazozipenda watu, hazina mwanga wa kugawa. Halafu ilikuwa nzito, na yeye husimama kwa miguu tangu magharibi. Na bei yake haikuwa ya kuzungumzwa. Aliiweka chini, roho ikimuuma.

Mudrik akatoa ya nne, akaifuta kwa ncha ya shati. Ilianzia kumi na nane ikafika mia na thalathini na tano. Ilikuwa ya mpiga picha wa hoteli moja ya Nungwi aliyehamia kwenye kamera nyengine. Mwili umekwaruzika, rangi ya namba imefutika kidogo, lakini ilikuwa na kile kifaa cha ndani cha kutuliza mtetemo, na shingo yake ya kuingilia kwenye kamera ilikuwa ya chuma, si ya plastiki. Salhiya aliimulika kwa tochi mbele na nyuma, akitafuta utando, akitafuta kuvu. Vioo vilikuwa safi. Akaizungusha pete akisikiliza kama kuna mchanga. Akaielekeza chini aone kama itajishukia yenyewe kwa kulegea. Haikushuka. Akaipachika, akabonyeza nusu, nayo ikalenga mara moja bila ya kwenda mbele na kurudi. Aliitazama sura ya kamera yake ikiwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akavuta pumzi mpaka ndani. Mia na thalathini na tano ingemfikisha mlangoni kwa Badria. Kumi na nane ingemweka chumbani pamoja na shangazi zake wote. Na bei ilikuwa ile aliyokuja nayo.

Lakini alikwishaumwa na lenzi, hakuwa tayari kuumwa tena. Akapiga picha za kujaribia: maboksi ya simu yaliyopangwa rafuni, kalenda, mlango wenye mwanga wa barabarani. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila picha hupendeza. Ubaya wa lenzi hujificha kwenye pembe, na pembe huzioni mpaka uikuze picha.

"Lete kadi," Mudrik alisema. "Tuitazame kwenye tivii."

Tivii ilikuwa ukutani, juu ya meza, kubwa, ile anayowaonyeshea wateja mpira. Salhiya akafungua kijimlango cha kamera, akabonyeza, kadi ikatoka, akaitoa. Alikuwa akifikiria pembe za picha. Alikuwa akifikiria kwamba kama zile herufi za pembeni mwa kalenda zitasomeka, amepona. Mkono ulifanya kazi uliyoizoea, kuichomoa kadi na kumwekea mtu kiganjani, na akili yake haikuwa pamoja na mkono huo. Mudrik akaichomeka.

Badria akatokea ukutani, mabega wazi, manjano shingoni, anacheka. Alikuwa mkubwa kuliko mtu. Nyuma yake Bi Mwatum, kichwa wazi, nywele za mvi zimesukwa mabutu. Picha ikapita yenyewe, ikaja nyengine, Badria ameinua mkono somo anamsugua kwapa.

Salhiya hakupiga kelele. Alipanda juu ya meza. Mwanamke mwenye heshima zake, katika duka la watu, alipanda juu ya meza kwa magoti, lenzi zikabiringika, akaitandaza mikono na mabawa ya buibui lake mbele ya tivii. Haikutosha, tivii ilikuwa pana kuliko yeye, na bega la Badria lilibaki nje upande mmoja. "Zima," alisema. "Zima, zima." Mudrik aliichomoa kadi kwa pupa mpaka ikamponyoka, akainama kuitafuta sakafuni, na alipoinuka uso wake ulikuwa umeelekea ukutani kama mtu aliyegeuzwa kibla.

"Mie sikutazama, dada," alisema. "Wallahi sikutazama."

Wakil alikuwa ametazama. Salhiya aliyaona macho yake yalipokuwa juu, kabla hayajashuka kwenye chaja. Mwanamme yule alisimama, akasema, "Haya Mudrik, n'tarudi," akatoka bila ya kumuaga mwanamke aliyekuwa bado amepiga magoti juu ya meza.

Mudrik alimsaidia kushuka kwa kumsogezea kigoda, asimguse. Akamwekea kadi juu ya kitambaa. Salhiya akaifumbata kiganjani.

"Hata dakika haikufika," Mudrik alisema. "Mie sisemi. Wakil si mtu wa maneno, namjua. Sasa nani atajua? Chukua lenzi yako, dada, nenda kafanye kazi yako Jumamosi. Lenzi nzuri hiyo."

Akainunua. Sijui wangapi wangeinunua saa ile, lakini yeye aliinunua, kwa sababu pesa alikuja nazo na mwili ukamaliza kilichomleta. Akatoka na kwenda moja kwa moja bila ya kujua anakwenda wapi, mpaka akajikuta amekaa kwenye benchi la Mnazi Mmoja, mkoba mapajani.

Alijiambia maneno ya Mudrik. Aliyarudia, akayapenda. Akinyamaza, Jumamosi ipo, na zile harusi tatu zipo, na dawa za presha za Bi Mwanapili zipo. Kadi ataipeleka kesho, picha zimesafishwa, Bi Mwatum ataipokea na kumwombea dua. Halafu akamfikiria Wakil amerudi Kiembe Samaki, amekaa kula, mkewe anamuuliza habari za mjini. Mke atamwambia jirani kwa kumwonya tu, kwa nia njema, na Jumamosi katikati ya biriani neno litafika sikioni kwa Bi Mwatum kutoka kinywa cha mtu mwengine. Hilo lilimtisha. Lakini palikuwa na kitu chengine kilichokuwa kibaya zaidi, nacho ni kile kicheko cha Badria. Mtoto yule alicheka vile kwa sababu aliambiwa mbele ya kamera ya Salhiya hakuna wa kumwogopa. Salhiya aliona kwamba hataweza kumlenga tena usoni. Hapo akachukua bodaboda.

Uani kwa Bi Mwatum wanawake walikuwa wakichambua mchele kwenye masinia. Salhiya akamwomba Bi Mwatum waingie ndani, wao wawili tu.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika hivi? Mama yako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Bi Mwatum, jana sikukukabidhi kadi."

"Najua. Nlikumbuka ushaondoka." Bi Mwatum alikuwa akijipangusa mikono kwa kanga. "N'kasema ah, si iko kwa Salhiya, ya nini kumkimbilia mtu."

Maneno hayo yalimmaliza. Alitamani angetukanwa kwanza. Akaeleza yote, tangu udi, tangu utando, mpaka meza ya Mudrik, na hakujitetea popote, ila alisema mara mbili kwamba alikuwa akifikiria pembe za picha, jambo ambalo Bi Mwatum hakulielewa na halikuwa na haja ya kueleweka.

Bi Mwatum aliacha kujipangusa mikono. "Nani walikuwepo?" aliuliza.

"Mudrik mwenye duka. Yeye aligeuka. Na mwanamme mmoja, Wakil, wa huku huku."

"Wamemwona vipi?"

"Alivyokuwa. Kwenye mkeka. Na wewe pia, mama."

Bi Mwatum alipandisha mkono akaivuta kanga kichwani mpaka ikaufikia uso, na nyumbani mle hamkuwa na mwanamme yeyote. Aliishika hapo chini ya kidevu.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Nliogopa utaambiwa na mtu."

"Kwa hiyo umekuja kwa woga."

"Kwa woga," Salhiya alisema. "Na kwa Badria."

"Badria usimwambie. Mwambie kamera imeharibika. Mtoto anaolewa, aende na moyo wake mweupe." Bi Mwatum akanyoosha mkono. "Nipe."

Salhiya akamwekea kadi kiganjani. Maneno yakamtoka yenyewe kwa mazoea, "Nshakukabidhi," na akaona haya mara moja kwa kuyasema. Bi Mwatum hakuyajibu. Aliifunga kadi kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno.

"Jumamosi njoo," alisema. "Uje ule, ukae na watu. Sikukatazi nyumba yangu. Kamera usije nayo."

"Nani atapiga, mama? N'kutafutie mtu. Kuna wasichana, wana kamera nzuri..."

"Hapigi mtu." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililokuwa zito. "Ikiwa wewe kadi imekutoka, Salhiya, huyo mwengine nimwamini kwa lipi?"

Ijumaa ilipita. Harusi moja katika zile tatu ilituma ujumbe kwamba wameghairi, halafu ya pili. Bi Mwatum hakumsema Salhiya kwa mtu. Alisema tu kwamba kwake hakutapigwa picha, na mwenye akili akajiuliza kwa nini. Ama Wakil, mpaka leo hakuna aliyemsikia akitoa neno. Huenda aliona aibu. Huenda ana mabinti. Salhiya akiwa chumbani peke yake aliipachika lenzi, akampiga mama yake aliyekaa kitandani, akaikuza picha kwenye kompyuta mpaka pembeni kabisa. Maua ya pazia yalihesabika. Ilikuwa lenzi nzuri kuliko alivyotumaini, na alitamani iwe mbovu.

Jumamosi alikwenda. Mlangoni mwa ukumbi mwanamke mwenye kapu aliichukua simu yake, kisha akamwomba afungue na mkoba. Alikuwa akimjua Salhiya miaka yote, na alitazama pembeni alipokuwa akiupekua. Ndani alikaa safu ya katikati, baina ya wanawake asiowajua, mikono mapajani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwapo harusini amekaa, na hakujua mtu aliyekaa hufanya nini.

Badria akatolewa baada ya isha. Alitokea mlango wa mbali, dhahabu kichwani, macho chini, somo yake pembeni akimshika mkono. Vigelegele vikapanda. Mabibi harusi wa siku hizi wanajua, wakifika katikati ya njia husimama, wakainua uso kwa picha, na Badria alipofika katikati akasimama, ingawa alikwishaambiwa hakuna picha. Macho yake yalipita kwenye safu yakitafuta, yakampata Salhiya. Akatabasamu. Akainua kidevu kidogo, upande wa kushoto ambao ndio mzuri wake, akatulia hivyo, bila ya kupepesa.

Somo alimvuta mkono taratibu, naye hakuondoka. Alimngoja Salhiya. Wanawake wa safu za mbele wakaanza kugeuka kumtazama Salhiya, na Salhiya akakaa na mikono yake mitupu, akimtazama yule mtoto kwa macho tu, mpaka tabasamu lilipoanza kumchoka Badria usoni. Kisha Badria akashusha macho, akaendelea kwenda.